Moyowosi Ikifunguliwa, Nani Atagawiwa?

Hakuna kauli inayopigiwa makofi upesi katika mikutano ya Kasulu na Kibondo, mkoani Kigoma, kama ile isemayo kwamba serikali inathamini wanyama kuliko watu. Mzungumzaji hahitaji kuithibitisha. Akishaitamka, mama aliyepoteza mahindi yake kwa tembo anaitikia, kijana aliyenyang'anywa baiskeli yenye magunia ya mkaa anapiga mluzi, na mgombea anajua amepata kura. Kauli hiyo haitembei peke yake. Inafuatana na nyingine: kwamba pori ni kubwa mno ilhali watu wamebanana, kwamba sheria za hifadhi ni mabaki ya mkoloni, kwamba tembo ni mali ya watalii ambao Kigoma hata hawafiki. Halafu linakuja hitimisho, ambalo siku hizi linasemwa waziwazi: Pori la Akiba Moyowosi na misitu ya hifadhi kama Makere Kusini ifunguliwe, watu wagawiwe.

Naipinga kauli hiyo pamoja na hitimisho lake. Sheria inayolinda pori lile na misitu ile ndiyo kinga aliyobaki nayo mkulima mdogo wa Buha, nchi yetu ya Waha, mbele ya watu wenye fedha na mifugo kumzidi. Ikiondolewa, yeye ndiye atakayetangulia kupoteza, na tembo watamfuata.

Nianze na hoja yao iliyo nzito kuliko zote, maana kuikwepa si haki. Wanasema ndani ya pori lile kuna makaburi ya babu zetu. Ni kweli kwa sehemu kubwa. Katika miaka ya 1930 serikali ya Waingereza iliwaondoa watu wa Buha katika vitongoji vyao vilivyotawanyika, ikawakusanya katika makazi maalumu kwa sababu ya malale. Mashamba yaliyoachwa yakamezwa na miyombo, mbung'o wakatawala, wanyama wakaenea. Kisha mwaka 1972 ikaja Operesheni Kigoma, na safari hii ni serikali yetu wenyewe iliyowahamisha watu kwenda vijiji vya ujamaa. Kwa hiyo anayesema kwamba nchi hii ilikuwa tupu tangu kuumbwa kwa dunia anapotosha, na askari wa wanyamapori anayemfukuza kwa matusi mzee anayetaka kutambika alikozikwa babu yake anamvunjia heshima mwenye nchi.

Lakini tazameni ni nani anayeitumia hoja hiyo. Mzee wa Muhambwe anataka kufika kaburini, kurina asali ya mizinga aliyorithi, na kurudi nyumbani. Mwenye ng'ombe mia tano aliyewaswaga kutoka mikoa mingine, au mfanyabiashara wa mbao za mninga mwenye lori mbili, hana kaburi lolote mle. Amelikopa la mzee. Anasimama nyuma ya mgongo wa mzee, anasema "wananchi", na pori likifunguliwa ni yeye atakayeingia kwanza kwa sababu ndiye mwenye nguvu za kuingia. Dai la mzee lina dawa: kibali cha kutambika, utaratibu wa kufika kwenye mizinga, viongozi wa mila kushirikishwa mipaka inapowekwa. Hilo nalidai pamoja naye. Kulima juu ya kaburi lile hakumrudishii chochote.

Hoja ya ukoloni ni nyepesi zaidi. Moyowosi ilitangazwa kuwa pori la akiba mwaka 1981, na Kigosi jirani yake mwaka 1983, miaka ishirini hivi baada ya uhuru. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori tunayoitumia ni Na. 5 ya mwaka 2009, na ile ya Misitu ni ya mwaka 2002. Zote zilipitishwa Dodoma na wabunge waliochaguliwa na Watanzania, wakiwemo wa Kigoma. Mwaka 2000 Tanzania ilipoingia katika Mkataba wa Ramsar wa kulinda ardhi oevu, eneo la kwanza tuliloliandikisha katika nchi nzima lilikuwa letu hili la Malagarasi na Muyovozi, ambalo Moyowosi ni sehemu yake, lenye hekta zaidi ya milioni tatu. Na Katiba, katika Ibara ya 27, inampa kila mtu wajibu wa kulinda maliasili ya Jamhuri ya Muungano. Mtu anaweza kuzichukia sheria hizi, lakini asimsingizie Gavana wa Kiingereza.

Wala si kweli kwamba sheria hizi ni ukuta usiosikia kilio. Kigosi ilipandishwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2019, jambo lililowafungia nje wafugaji nyuki, kwa kuwa ndani ya hifadhi ya taifa mizinga hairuhusiwi. Watu walilalamika, na baadaye Bunge likaridhia iondolewe hadhi ya hifadhi ya taifa. Mwaka huohuo wa 2019 serikali iliunda kamati ya mawaziri kuhusu vijiji 975 vyenye migogoro na hifadhi nchini, na uamuzi ukawa kwamba 920 kati yake vibaki vilipo. Kasulu penyewe, sehemu ya Msitu wa Makere Kusini ilitolewa kwa wakulima enzi za Rais Magufuli. Mambo haya yalifanyika kwa taratibu za sheria, mchana kweupe. Wanaodai kwamba serikali haijawahi kumpa mwananchi hata kipande wanawaficha wasikilizaji wao habari hizi, kwa sababu zikijulikana litafuata swali gumu: ardhi ile iliyokwisha kutolewa iko mikononi mwa nani leo?

Hapo ndipo penye kiini cha ugomvi wangu nao. Ardhi inapotoka katika hifadhi haiendi moja kwa moja kwa mwenye njaa. Inapita kwa mwenye mhuri, kwa mwenye ndugu kwenye kamati, kwa mwenye fedha ya kusubiri. Familia ya Makere yenye majembe manne italima ekari nne, labda tano ikijitahidi sana. Haina uwezo wa kung'oa visiki vya ekari hamsini, haina trekta, na haina fedha ya kumlipa kibarua. Mwenye navyo atavimaliza viwanja vyote vilivyo karibu na barabara kabla familia ile haijamaliza kupanda maharage. Barabara ya lami tuliyoililia miaka mingi, inayoiunganisha Kasulu na Kibondo na Nyakanazi, imewasogeza wanunuzi wa mkaa, mbao na ardhi hadi mlangoni petu. Ni baraka, na siombi iondolewe. Lakini nchi yenye lami bila mpaka wa msitu unaoheshimiwa hununuliwa na wageni katika muda mfupi sana, na wenyeji hugeuka vibarua katika mashamba ambayo wazazi wao waliyaita pori letu.

Wanajibu: lakini watu wameongezeka, wataenda wapi? Ni kweli wameongezeka. Sensa ya 2002 iliukuta mkoa wa Kigoma na watu 1,674,047, na ile ya 2022 ikahesabu 2,470,967. Ndani ya miaka ishirini tumeongezeka karibu laki nane. Sasa tuifuate hoja yao hadi mwisho wake. Tukate msitu kuwapa hao laki nane. Baada ya miaka ishirini mingine, tukiwa tumeongezeka tena kwa idadi kama hiyo au zaidi, tutakata nini? Kila mkulima wa kwetu anajua tabia ya udongo wa miyombo. Mwaka wa kwanza mahindi yanasimama vizuri kwa sababu ya majivu. Mwaka wa tatu au wa nne yanadumaa, mwenye shamba analiacha na kusogea mbele na shoka lake. Rutuba aliyoifuata ilikuwa katika miti aliyoichoma. Kumpa mkulima msitu bila kumpa mbolea, mbegu bora, bwana shamba anayefika kijijini na hati ya kimila ya shamba alilonalo ni kumpa misimu mitatu ya mavuno na kuwaachia wanawe jangwa. Hivyo vinne nilivyovitaja ndivyo vya kudaiwa kwa kelele katika mikutano, na ni nadra kuwasikia wapigania ardhi wetu wakivitaja.

Kuna na mapato ambayo msitu uliosimama unayatoa tayari, bila mgombea yeyote kuyaahidi. Asali ya Kibondo inajulikana mbali, na nyuki wanaoitengeneza wanaishi kwa maua ya miyombo na mitundu. Ukate mitundu, mzinga utabaki ukining'inia mtupu. Kina mama wanaouza uyoga msimu wa mvua wanavuna kitu ambacho hakuna bwana shamba anayeweza kuwapandia, kwa sababu uyoga ule huishi kwa kushikamana na mizizi ya miti hiyo. Ukiangushwa mti, na uyoga umekwenda. Mapato haya ni madogo kwa mtu mmoja mmoja, lakini yanamfikia hasa yule asiye na ng'ombe wala duka, mjane na kijana asiye na shamba. Ndio hao hao ambao majina yao hutumika kudai msitu ukatwe.

Sasa niseme kuhusu wanyama wenyewe, kwa sababu sitaki kuwatetea kwa kujificha nyuma ya asali na mahindi peke yake.

Mwaka 2009 hesabu ya tembo katika mfumo-ikolojia wa Malagarasi na Muyovozi ilikuwa 15,198. Mwaka 2014 walihesabiwa tena kwa ndege: 2,953. Katika kila tembo watano, wanne hawakuwepo tena. Yalitokea hayo ndani ya miaka mitano, katika pori lenye ulinzi kisheria, wakati sisi tukiambiwa kwamba tatizo la nchi ni wanyama kulindwa kupita kiasi. Tembo jike hubeba mimba ya miezi ishirini na miwili na huzaa mtoto mmoja kila baada ya miaka minne au mitano. Hata kundi lililobaki likiongezeka kwa asilimia tano kila mwaka, litahitaji zaidi ya miaka thelathini kurudi lilipokuwa mwaka 2009. Atakayeiona idadi ile tena ni mtoto ambaye leo yuko darasa la kwanza, naye atakuwa na watoto wake.

Anayesema wanyama wanathaminiwa kuliko watu aeleze jinsi kitu kinachothaminiwa kuliko vyote kinavyoweza kuchinjwa kwa kiwango hicho bila nchi kusimama. Na aeleze pia fedha ya pembe zile ilijenga nini Kibondo, ni shule gani na zahanati gani. Haikujenga kitu. Mpaka wetu na Burundi unaijua biashara hii tangu zamani. Mwaka 1986, katika zoezi la kimataifa la kusajili maghala ya pembe, Burundi, nchi isiyokuwa na tembo wa porini wa kuhesabika, ilikutwa na karibu tani tisini za pembe. Zilitoka kwa majirani. Vijana wa vijijini waliobeba bunduki na mizigo walipata fedha ya kula wiki chache, wengine wakapata kifungo, na faida ikaishia miji ya mbali. Ujangili umekuwa njia ya kuinyonya Kigoma, na sheria kali dhidi yake inamlinda pia yule kijana anayetafutwa na matajiri wa pembe kwa sababu ana njaa na anaijua njia.

Wapo wanaotupa lawama yote ya kuharibika kwa pori kwa wakimbizi. Kambi zimekuwa sehemu ya maisha yetu: Mtabila hadi ilipofungwa mwaka 2012, Nyarugusu tangu 1996, Nduta upande wa Kibondo, na Mtendeli huko Kakonko hadi ilipofungwa mwaka 2021. Kuni zilikatwa, na wanyama waliwindwa kwa wingi. Watafiti wa shirika la TRAFFIC walieleza katika ripoti yao ya nyama pori katika kambi za kaskazini-magharibi mwa Tanzania kwamba nyama hiyo iliitwa mchicha wa usiku, kwa kuwa ilipikwa giza likishaingia. Walieleza na sababu: mgawo wa chakula ulikuwa wa mahindi na maharage, bila nyama. Mtu aliyekimbia vita hana kosa kutamani kitoweo kwa ajili ya mwanawe. Kosa ni la waliomleta kando ya pori na kumnyima nyama, wakatarajia pori libaki salama. Tena wanunuzi hawakuwa wa kambini tu. Tuliokula ile nyama mijini Kasulu na Kibondo tunajuana, na haifai kumtwika mkimbizi mzigo wote.

Kisha kuna maji, na hapa nawaomba hata wasiojali tembo wanisikilize. Mto Malagarasi unaanzia katika milima yetu karibu na Burundi, unafuata mpaka, unazunguka na kuingia katika madimbwi na mafunjo ya Muyovozi, halafu ndipo unapogeuka magharibi kwenda Uvinza, maporomoko ya Igamba na Ilagala, unakoingia Ziwa Tanganyika. Kinamasi kile kinapokea mafuriko ya masika, kinayatuliza, kinayachuja udongo, na kinayaachia polepole wakati wa kiangazi. Ukikilisha kwa ng'ombe mpaka mafunjo yaishe, na ukilima kingo za vijito vinavyokilisha, mto utakuja wote kwa wiki chache ukiwa mwekundu wa udongo, kisha utakatika. Mradi wa umeme wa Malagarasi wa megawati 49.5 unategemea maji hayo kufika Igamba kwa utaratibu. Samaki wanaozaliana mdomoni mwa mto wanategemea maji yasiyo na matope. Mkulima wa bondeni anategemea kisima kisichokauka mwezi wa Agosti.

Na katika kinamasi hicho anaishi korongo nyangumi, ndege mrefu wa kijivu mwenye mdomo mpana, anayesimama bila kutikisika saa nyingi akivizia kamongo. Duniani kote wamebaki maelfu machache tu. Hutaga mayai mawili hivi na kwa kawaida hukuza kinda mmoja. Hawezi kuhamia shambani, hawezi kujifunza kuishi kando ya zizi. Mafunjo yakichomwa, amekwisha. Siwezi kuonyesha kwamba ndege huyu analeta fedha za kutosha kujenga barabara, na sioni kwa nini nilazimike. Yuko kwetu, katika wilaya zetu, na mataifa mengi hayana hata mmoja. Watu wanaojivunia migebuka na mawese wana kila sababu ya kujivunia naye pia, na kukataa afe mikononi mwao.

Nisingekuwa mkweli kama ningeishia hapo bila kutaja maovu yaliyofanywa kwa jina la uhifadhi. Operesheni Tokomeza ya mwaka 2013 ilianza kwa kuwasaka majangili ikaishia kwa vilio vya waliopigwa, waliodhalilishwa na waliouawa. Bunge lilichunguza, operesheni ikasimamishwa, na mwezi Desemba mwaka ule mawaziri wanne wakapoteza nafasi zao. Lawama ile ilikuwa ya haki. Askari anayempiga mwananchi aliyekwisha kumkamata ni mhalifu, na ashitakiwe kama jangili anavyoshitakiwa. Lakini tukumbuke alichokivunja askari yule: ni sheria. Hakuna kifungu katika Sheria Na. 5 kinachomruhusu kutesa. Tiba ya askari anayevunja sheria ni kumfikisha mahakamani, kama tunavyofanya kwa polisi mla rushwa bila kudai kosa la wizi lifutwe.

Vivyo hivyo kwa fidia. Kanuni za mwaka 2011 ziliweka kifuta machozi cha shilingi milioni moja kwa familia ya mtu aliyeuawa na mnyama, na kifuta jasho cha kati ya shilingi 25,000 na 100,000 kwa ekari ya mazao yaliyoharibiwa, tena kwa ekari zisizozidi tano. Viwango hivyo vilikuwa aibu. Mama aliyefiwa na mume kwa sababu nchi nzima imeamua kumtunza tembo hawezi kuachiwa peke yake gharama ya uamuzi wa nchi nzima. Hapo wapinzani wangu na mimi tungeweza kusimama upande mmoja, tukadai viwango vinavyolingana na hasara, malipo ya haraka, na mipaka yenye vigingi vinavyoonekana, vilivyowekwa mbele ya serikali ya kijiji. Sheria ya Misitu inakiruhusu kijiji kuwa na msitu wake wa hifadhi, kikautunza na kukusanya mapato yake chenyewe. Vijiji vingapi vya Kasulu na Kibondo vimesaidiwa kufanya hivyo na madiwani wanaoshinda majukwaani wakililia ardhi?

Kwa hiyo atakapokuja mtu kuomba kura kwa ahadi ya kuifungua Moyowosi au kukimega tena kilichobaki cha Makere Kusini, msimpigie makofi kwanza. Mwambieni asome mbele ya mkutano majina ya waliogawiwa ardhi iliyokwisha kutolewa, na ekari za kila mmoja. Mwambieni ataje mifugo itakayoingia ni ya nani na inatoka wapi. Mwambieni aeleze maji ya kiangazi yatatoka wapi kinamasi kikishakanyagwa, na watoto wetu watakata msitu gani huu ukiisha. Asipojibu, msimpe kura.